Gharama ya kutengeneza kiyoyozi cha gari: Ziba panapovuja kabla ya kuongeza gesi

MADEREVA wengi katika kaunti za Kisii na Nyamira hukichukulia kiyoyozi cha gari kuwa anasa ya watu wa Mombasa. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nyamira uko juu zaidi. Kwa siku nyingi upepo wa dirishani hutosha. Kitufe cha kiyoyozi huweza kukaa miezi kadhaa bila kuguswa, hadi siku ya safari ya Kisumu, ambapo dereva hukibonyeza na kupulizwa hewa ya moto.

Kutokitumia huko mara nyingi ndiko chanzo cha gharama. Mafuta yanayolainisha kompresa huzunguka pamoja na gesi. Kiyoyozi kisipowashwa, mpira unaoziba shingo ya kompresa hukauka na gesi ikaanza kuvuja polepole.

Isitoshe, kiyoyozi hakileti ubaridi tu. Hukausha hewa ndani ya gari, na hivyo huondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Katika eneo linalopata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na ambalo barabara zake hupinda milimani, hilo ni suala la usalama.

Gharama hutegemea nini?

Hitilafu nafuu ni fyuzi iliyoungua, mkanda uliolegea au chujio la hewa lililoziba. Hufuatwa na mipira ya maungio ya mabomba, ambayo bei yake ni ndogo. Kondensa, iliyo mbele ya rejeta, hutobolewa na mawe ya barabarani na hugharimu zaidi.

Evapareta imefichwa nyuma ya dashibodi, hivyo ujira wa kuifikia huweza kuzidi bei ya kipuri chenyewe. Ghali zaidi kwa kawaida ni kompresa. Ikisagika, hutawanya vumbi la chuma kwenye mfumo mzima, na mabomba hayana budi kusafishwa kabla ya kufungwa nyingine.

Kosa linalowagharimu wengi ni kuongeza gesi bila kutafuta inapovujia. Gesi ya kiyoyozi haichomwi kama petroli. Mfumo usiovuja huweza kudumu nayo kwa miaka mingi. Tuchukue mfano: fundi akitoza Sh4,000 kwa kila ujazaji, na mwenye gari akarudi kila baada ya miezi mitatu, atalipa Sh16,000 kwa mwaka ilhali mpira mbovu ungali mahali pake.

Maswali ya kumuuliza fundi

Kwanza, atapimaje panapovuja? Njia zinazokubalika ni kujaza naitrojeni kwa shinikizo, kutumia rangi maalumu au povu la sabuni. Pili, je, ana pampu ya kuondoa hewa na unyevu kabla ya kujaza gesi? Kazi hiyo huchukua takriban nusu saa. Tatu, atapima gesi kwa mizani? Gari dogo huhitaji takriban gramu 400 hadi 700, na kuzidisha huumiza kompresa.

Aina ya gesi huandikwa kwenye kibandiko kilicho chini ya boneti. Magari mengi yaliyotoka Japani hutumia R134a. Magari mapya ya soko la Ulaya, hasa tangu 2017, hutumia R1234yf, ambayo ni ghali zaidi. Gesi hizo hazichanganywi. Gari la haibridi lenye kompresa ya umeme lina mafuta yake maalumu, na likitiwa mengine umeme huweza kuvuja. Gesi ya kupikia isitumiwe kamwe, kwani huweza kulipuka.

R134a haifai kuachiliwa hewani. Kwa kipindi cha miaka 100, kilo moja hupasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za kaboni dioksidi. Ndiyo maana mkataba wa Kigali wa 2016 ulikubali kupunguza gesi za aina hiyo.

Kinga haina gharama kubwa. Washa kiyoyozi kwa dakika 10 kila wiki, hata katika baridi ya Julai, ili mafuta yaifikie mipira. Ubaridi ukianza kupungua, mwone fundi mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika gari ukuta huo ni kompresa mpya.