Ngawira mnadani: maandishi yanayopandisha bei ndiyo yanayomuumbua muuzaji

Februari 2024, nyumba ya mnada ya Anderson & Garland ya Newcastle, Uingereza, ilitangaza kuuza ngao ya Kihabeshi. Ngao za namna hiyo hupita mnadani bila kelele, lakini hii ilikuwa imechongwa jina la Magdala na mwaka 1868. Kwa mnunuzi, maandishi hayo yalikuwa hakikisho kwamba mali si ya kughushi. Kwa Mamlaka ya Urithi ya Ethiopia, yalikuwa ushahidi wa uporaji. Mamlaka ikaandika barua, ngao ikaondolewa mnadani, asasi ya Royal Ethiopian Trust ikaelewana na mwenye nayo, na Novemba mwaka huohuo ngao ikarudi Ethiopia.

Kisa chake kinaanza tarehe 13 Aprili 1868, jeshi la Waingereza la Jenerali Robert Napier lilipoiteka ngome ya Maqdala, ndiyo Magdala ya maandishi yale, na Mfalme Tewodros II wa Ethiopia akajiua asikamatwe. Nyara zilibebwa na tembo 15 na nyumbu karibu 200 hadi uwanda wa Delanta. Huko, tarehe 20 na 21 Aprili, ukafanyika mnada. Miongoni mwa wanunuzi alikuwa Richard Holmes, mtumishi wa British Museum aliyefuatana na jeshi, na fedha zilizopatikana zikagawiwa askari. Kwa hiyo mnada haukuja baadaye kuuza mali ya vita. Ulikuwa sehemu ya vita vyenyewe.

Wakusanyaji wa silaha za kale huzipenda pia za Roma. Mwaka 2010 kofia ya shaba ya mpanda farasi wa Kirumi, iliyofukuliwa vipande vipande huko Crosby Garrett, kaskazini mwa Uingereza, iliuzwa na Christie's kwa zaidi ya pauni milioni 2. Hakutokea ukoo wa askari yule kuja kudai chake. Silaha za Afrika Mashariki ni habari nyingine. Wajukuu na vitukuu vya waliozishika wapo, wanalima na kufuga katika ardhi ileile.

Chukua kata ya Ulaya wilayani Kilosa, Ulaya ya Morogoro, kwenye njia ya Kilosa kwenda Mikumi. Nchi hii ya Wasagara ilikuwa mlango wa vita vya Wajerumani na Wahehe. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walikiangamiza kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski huko Lugalo, wakatwaa bunduki zipatazo 300 na mizinga. Luteni Tettenborn na manusura wachache walirudi nyuma hadi Myombo, upande huu wa Kilosa. Mwaka uliofuata Wahehe wakaivamia ngome ya Wajerumani ya Kondoa, ile ya karibu na Kilosa, si Kondoa Irangi. Ngawira wakati huo ilikuwa ikielekea Iringa.

Mambo yaligeuka tarehe 30 Oktoba 1894, Gavana Friedrich von Schele alipoibomoa Kalenga, makao ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vikaongeza shehena. Mikuki, ngao, pinde na mishale ilifungwa na kupakiwa melini.

Shehena hizo hazikwenda ovyo. Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani ilikuwa imeamua kwamba vitu vilivyokusanywa na watumishi wake katika misafara ya serikali vipelekwe kwanza Berlin. Jumba la makumbusho la huko lilivipa alama: III ni Afrika, E ni Afrika ya Mashariki, kisha namba ya kitu. Mikuki ikazidi nafasi. Vitu vilivyoonekana kufanana viligawiwa kwa makumbusho mengine au kubadilishwa na wafanyabiashara, na kwa njia hiyo mali ya serikali ikaanza kuingia katika soko la watu binafsi. Pia kuna silaha ambazo maofisa walizichukua kwao kama kumbukumbu, zikatundikwa ukutani, na baada ya wenyewe kufa warithi wakazipeleka kwa dalali.

Anayetaka kuitambua silaha kama hiyo huanza na mali yenyewe. Ngao ya Kimaasai ilitengenezwa kwa ngozi ya nyati, ikapakwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, na michoro yake ilieleza kundi la mwenyewe. Ngao ndefu ya ngozi ya ng'ombe yenye fimbo katikati ni ya mtindo ulioenea kusini pamoja na Wangoni. Chuma cha mhunzi wa zamani huwa na mistari ya takataka za tanuru. Chuma laini kisicho na doa kinaelekea kuwa cha kiwandani. Uzi wa nailoni katika mshono humaliza mjadala.

Lakini ngozi na chuma hutaja kabila tu; havitaji siku wala mtu. Hayo hukaa kwenye kijikaratasi kilichobandikwa, kwenye namba ya wino, kwenye barua ya ofisa. Bila hayo hubaki kukisia, kama ilivyotokea kwa fuvu la Mkwawa lililopelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilitoe. Miaka ikapita mpaka Gavana Edward Twining wa Tanganyika alipokwenda Bremen, akakuta mafuvu karibu 2,000, yakiwemo 84 kutoka Afrika Mashariki, akachagua kwa vipimo vya kichwa na tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 lilikabidhiwa Kalenga, na ubishi kama ndilo au silo haukuisha.

Madalali wanajua thamani ya karatasi. Mkuki wenye jina la ofisa na mwaka wa vita huuzwa ghali kuliko mkuki bubu. Hapo ndipo Tanzania ina nafasi. Ni kweli, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 na mkataba wa UNESCO wa 1970, ambao nchi iliuridhia 1977, havirudi nyuma kufika enzi za Schele. Lakini tangazo la mnada likitaja Uhehe au Usagara, linaweza kulinganishwa na taarifa za kijeshi za Wajerumani na daftari za Berlin kabla ya siku ya kuuza. Kwa Ethiopia barua moja ilitosha kuisimamisha ngao mnadani, kwa kuwa maandishi yalikuwepo na mtu alikuwa akiyasoma.