Lindi: Mkoa wa Pwani Ulioishi kwa Mizigo ya Bara

Anayetaka kuuelewa Mkoa wa Lindi asiishie bandarini. Apande hadi kijiji cha Matambarale, wilayani Ruangwa, ambako mawimbi hayasikiki. Ni kweli kwamba Kilwa Kisiwani, kisiwa cha mkoa huu alikofika msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, ilitajirika kwa dhahabu ya Sofala. Lakini kufikia karne ya 19 Kilwa Kivinje na Lindi ziliitegemea bara iliyo nyuma yake: misafara ilitoka upande wa Ziwa Nyasa na pembe za ndovu, na watu waliofungwa minyororo.

Julai 1905 Vita vya Majimaji vililipuka Umatumbini na kusambaa hadi kwa Wamwera. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi.

Miaka michache tu baadaye, watu wa nchi hiyohiyo iliyoungua waliitwa kuchimba mifupa. Katika kilima cha Tendaguru, kilomita zipatazo 60 kutoka mji wa Lindi, wataalamu wa makumbusho ya Berlin walifukua dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na jina lake linastahili kufahamika mashuleni kama linavyofahamika la Werner Janensch, aliyeongoza msafara. Barabara ya magari haikuwepo, na punda na ng'ombe hawakuweza kuishi kwa sababu ya ndorobo. Mifupa ilipakwa plasta, ikafungwa kwa mianzi na kutwikwa kichwani. Mfupa mkubwa ulibebwa na watu kadhaa kwa miti. Zaidi ya tani 200 zilishuka hivyo hadi Lindi kupakiwa melini. Mmoja wa dinosaria hao, mwenye urefu wa mita 13 hivi kwenda juu, amesimama Berlin mpaka leo.

Waingereza, waliotawala baada ya Wajerumani, walileta matrekta. Mradi wa karanga ulioanza 1947 uliijenga Nachingwea na reli ya kuelekea bahari, kisha ukavunjwa 1951. Reli nayo ikang'olewa katika miaka ya 1960. Majengo hayakupotea bure: Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, waliweka kambi yao Nachingwea, na kiongozi wao Samora Machel alifunza wapiganaji hapo.

Mkoa wenyewe ulimegwa kutoka Mtwara mwaka 1971, na Ruangwa ikatengwa na Nachingwea mwaka 1995. Wakulima wa mkoa wamesimama kwa korosho na ufuta.

Sasa Matambarale inatoa kinywe. Ukikisugua, kinateleza na kuacha vidole vyeusi. Ndicho kilicho ndani ya penseli, na ndicho kinachotakiwa kwenye betri za magari ya umeme. Mgodi wa Lindi Jumbo unakichenjua papo hapo kijijini, hatua ambayo mifupa ya Tendaguru, iliyosafishwa Berlin, haikuipata. Kukigeuza kuwa sehemu ya betri, kazi yenye faida kubwa zaidi, bado kunafanyika ng'ambo. Kiwanda cha kazi hiyo nakitaka kijengwe Lindi.