Wavu Uliokuwa Darini

Mwindaji wa peke yake kwanza huuliza upepo. Babu yangu alikuwa na kifuko cha kitambaa chenye majivu laini; alikitikisa kidogo mbele ya uso wake na kutazama majivu yanaelekea wapi. Yakimrudia kifuani, alisonga mbele. Yakienda kwa mnyama, alizunguka kilima kizima, hata ikigharimu nusu siku. Nyanda za juu za Ufipa hazina miti mingi ya kujificha, na tohe ana tabia ya kulala kimya kwenye nyasi mpaka umkaribie kabisa, kisha huruka na kupiga mluzi mkali unaoamsha bonde zima. Baada ya mluzi huo, alisema babu, rudi nyumbani ukalime.

Nilikua nikiamini huo ndio uwindaji wa Wafipa: mzee mmoja, gobore moja, majivu. Kumbe huo ulikuwa uwindaji wa uzeeni mwake. Ule wa ujana wake ulikuwa umekunjwa darini, juu ya moshi wa jiko, mweusi na mgumu kama kamba ya meli. Ulikuwa wavu.

Mtaalamu wa anthropolojia Roy Willis, aliyeandika sana juu ya Ufipa kuanzia miaka ya 1960, alieleza jinsi Mfipa anavyotenganisha kijiji na pori: kijiji ni mahali pa watu na utaratibu, pori ni mahali pa kwenda kuchukua. Kwa namna babu alivyonisimulia, kijiji kilikwenda porini kikiwa kizima. Nyasi zikishaungua wakati wa kiangazi, kila nyumba yenye wavu iliuleta, zikaunganishwa kuwa ukuta mmoja mrefu. Wenye marungu walilala nyuma yake. Vijana na mbwa walitoka mbali wakipiga kelele. Hapakuwa na kunyatia hata kidogo, ila kwa wale waliolala nyuma ya wavu, ambao hata kukohoa kulikuwa kosa. Nyama iligawanywa palepale, na mjane asiye na wavu wala mtoto wa kukimbiza alipata fungu lake.

Sheria ilikuja kutoka mbali. Tarehe 7 Mei 1896, Gavana Hermann von Wissmann, yeye mwenyewe mwindaji, alitoa amri ya kuhifadhi wanyama wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kuanzia hapo uwindaji ukawa jambo la kibali na ada. Mwaka 1900 mataifa yenye makoloni yalikutana London yakakubaliana, pamoja na mengine, kupunguza matumizi ya nyavu na mashimo. Mwaka 1933, London tena, mkataba mwingine ulizitia nyavu, mashimo, mitego, sumu na moto wa kuzingira wanyama katika njia za kupigwa marufuku. Magari na ndege navyo vilikatazwa, tuwe wa haki. Lakini soma orodha hiyo ukiwa umesimama Sumbawanga, ambako hakuna mwanakijiji aliyewahi kuwinda kwa ndege, utaona ni nani hasa aliyekuwa akiambiwa aache.

Waliozitunga kanuni hizo walikuwa na picha yao ya mwindaji mwungwana: anatembea kwa miguu, anapima upepo, anamnyatia dume mmoja, anampiga risasi moja. Sikatai, kuna heshima katika hilo. Tena wavu hauchagui jike mwenye mimba. Ila wavu uliutumia mara chache kwa mwaka, mchana kweupe, kijiji chote kikiwa shahidi. Ulipokatazwa, watu hawakuacha kula nyama. Waliacha kwenda pamoja. Babu alijifunza kunyatia akiwa mtu mzima, usiku, na hakuwa akimnyatia tohe peke yake. Alimnyatia pia askari wa wanyamapori. Alikamatwa mara moja, mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa na mguu wa pongo ndani ya gunia la maharage. Faini ilimgharimu ng'ombe wawili. Neno jangili alilisikia kwa mara ya kwanza likitajwa juu yake mwenyewe.

Chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, kwenye mbuga za Ziwa Rukwa, hadithi ilikuwa nyingine. Huko ndiko walikozaliana nzige wekundu, na shirika la kimataifa la kuwadhibiti lilianzishwa mwaka 1949 huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia. Mtaalamu wake wa mazingira, Desmond Vesey-FitzGerald, aliyekuwa akichunguza nyasi kwa ajili ya nzige, aliishia kutazama wanyama. Mwaka 1960 alichapisha maelezo ya jinsi wanavyopokezana malisho: tembo na nyati hukanyaga na kula nyasi ndefu, nyuma yao nyamera na sheshe hupata majani mafupi ambayo wasingeyafikia peke yao. Nikisoma hayo hufikiria mbwa, vijana, marungu na mjane.

Huku juu wanyama walikwisha, na si gobore la babu lililowamaliza. Ni matuta ya mahindi na maharage, kilima baada ya kilima. Uwindaji wa kitalii nchini ulifungwa mwaka 1973, ukafunguliwa tena 1978; sheria ya 1974 na ya 2009 ziliendelea kukataza nyavu. Babu hakuzifuatilia. Alikuwa ameshauza gobore.

Tulipobomoa jiko lake la zamani tuliuteremsha wavu na kuutandaza uani. Ulianzia mlangoni, ukafika kwenye mkaratusi, na bado sehemu ikabaki imekunjwa. Panya walikuwa wameutoboa mara tatu. Mtoto wa dada yangu aliuzunguka, akaushika, akauliza kama ni wa goli.