Mwuaji Mlangoni: Kant, Bonhoeffer na Wajibu wa Kusema Kweli

Mwaka 1797 Immanuel Kant, mwana wa nyumba ya Kilutheri yenye uchaji mkubwa huko Königsberg, alijibu hoja ya Benjamin Constant. Swali lilikuwa hili: mwuaji akibisha mlangoni na kuuliza kama rafiki yetu tuliyemficha yumo ndani, je, yatupasa kumwambia kweli? Constant alidai kwamba hatuna wajibu wa kumwambia kweli mtu asiye na haki ya kuipata. Kant alikataa katakata. Kwake yeye kusema kweli ni deni tunalowiwa na wanadamu wote, wala si na huyo tu anayeuliza. Anayedanganya hubomoa msingi wa kila mapatano na kila sheria.

La kustaajabisha ni jinsi anavyojitetea. Tuseme umemwambia mwuaji kwamba rafiki hayumo, na kumbe rafiki amekwisha kutoka bila wewe kujua. Mwuaji akimkuta njiani na kumwua, damu hiyo yaweza kudaiwa mkononi mwako. Lakini kama ungalisema kweli, huenda majirani wangalifika na kumkamata. Basi mtetezi wa wajibu naye ameyapima matokeo, ijapokuwa ni kwa ajili ya kuonyesha kwamba hatuwezi kuyatawala. Hoja hiyo ina nguvu kuliko wanavyokubali wapinzani wake. Hata hivyo, rafiki aliyejificha chumbani hatajwi sana humo.

Waingereza walishika njia nyingine. Jeremy Bentham, katika kitabu chake cha mwaka 1789, alipima tendo kwa furaha na maumivu yanayotokana nalo. John Stuart Mill, mwaka 1861, aliuheshimu sana ukweli, lakini aliruhusu kumficha mtu mwovu habari ili kumwokoa mwingine.

Wanafunzi wetu wakifika kwa Dietrich Bonhoeffer hupenda kumweka upande wa Mill. Twaona kwamba wanakosea. Ni kweli kwamba mchungaji huyu aliishi katika udanganyifu. Tangu mwaka 1940 aliingizwa katika idara ya upelelezi wa jeshi la Ujerumani, ambamo wapinzani wa Hitler walikuwa wamejificha. Mwaka 1942 kundi hilo liliwavusha watu 14, wengi wao wenye asili ya Kiyahudi, mpaka Uswisi kwa kisingizio kwamba ni wapelelezi. Alipokamatwa tarehe 5 Aprili 1943 na kuwekwa gereza la Tegel, aliwadanganya waliomhoji, kwa kuwa kila neno la kweli lingaliweza kumfikisha mwenzake kwenye kitanzi.

Humo gerezani alianza kuandika juu ya maana ya kusema kweli. Atoa mfano wa mtoto anayeulizwa na mwalimu, mbele ya darasa zima, kama baba yake hurudi nyumbani amelewa. Ni kweli, lakini mtoto anakana. Bonhoeffer anakiri kwamba jibu hilo ni uongo, lakini anaona kwamba lina ukweli zaidi kuliko ungamo, maana mwalimu ameingilia nyumba isiyo yake. Hapa hakuna hesabu ya faida. Swali lake ni nani anasema, kwa nani, na mahali gani.

Tena katika maandiko yake juu ya maadili anamtaja mwuaji wa Kant waziwazi. Kosa la Kant, asema, ni dhamiri inayotaka kubaki safi hata jirani akiangamia. Lakini pia hasemi, kama angalivyosema mfuasi wa Bentham, kwamba uongo uliookoa umekuwa wema. Unabaki hatia. Anayempenda jirani huichukua, kama Kristo asiye na dhambi alivyochukua hatia ya wengine, na kuiacha mbele za Mungu bila kujihesabia haki. Kwa Mlutheri, neno hilo la mwisho ndilo lenye uzito.

Alinyongwa Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Maandiko hayo hakuyamaliza. Rafiki yake Eberhard Bethge aliyachapisha mwaka 1949, na mpangilio wa vipande vyake umebadilishwa tena baadaye.