Lenzi ya Baba Mdogo

Mwaka juzi nusura niuze mali ya ukoo kwa bei ya karanga. Sikusukumwa na mtu, ni ujinga wangu mwenyewe.

Nilikuwa na kamera ya Canon ya kidijitali, ya mkono wa pili, niliyoipata kwa kubana matumizi tangu nimalize kidato cha nne. Ilikuja na lenzi ya kuvuta, milimita 18 hadi 55. Mchana kule Raskazone, bahari ikiwa wazi, lenzi hiyo haina ubaya. Ila mimi nilitaka kumpiga picha bibi yangu chumbani kwake Ngamiani, kwenye dirisha moja dogo, na bibi hataki flashi. "Mume wangu," aliniambia, "hiyo radi yako ipeleke huko baharini." Nikapiga bila flashi. Picha zote zikatoka zimetikisika, bibi kama moshi wa udi.

Nikaona dawa ni lenzi mpya, lakini laki moja na nusu niliyokuwa nayo haikufika. Ndipo nikakumbuka Zenit ya marehemu baba mdogo, aliyorudi nayo kutoka masomoni Urusi wakati wa Wasovieti. Mnunuzi akanitajia elfu thelathini. Kabla sijaitoa, nikasema hebu kwanza nijue nauza nini. Hapo historia ikanishika mkono.

Usoni mwa lenzi ile pameandikwa Helios-44-2. Imetengenezwa Urusi, lakini asili yake ni Jena, mji wa Ujerumani ambako Carl Zeiss alifungua karakana mwaka 1846. Mwaka 1884 Otto Schott na wenzake wakaanzisha hapo kiwanda cha kioo, na mwaka 1902 Zeiss ikatoa Tessar, lenzi ya vioo vinne iliyopata sifa dunia nzima.

Sasa weka miaka hiyo kwenye kalenda yetu. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga kwenda Usambara, na mwaka huohuo Richard Hindorf akaleta mkonge Pangani. Wakati Jena wanasugua vioo, babu zetu walikuwa wanabeba mataruma. Kamera nayo ilikuwa mikononi mwa wachache. Unguja walikuwapo Wagoa kama A. C. Gomes na studio yake. Bara alikuwapo Mjerumani Walther Dobbertin, ambaye picha zake za enzi ile zinachapishwa hadi leo. Ukizitazama utawaona watu wetu wamesimama mbele ya lenzi. Nyuma yake huwakuti.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Zeiss ilitoa lenzi nyingine, Biotar ya milimita 58. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Wamarekani walitangulia Jena wakaondoka na wataalamu. Wasovieti wakafuata, wakachukua mitambo. Kutokana na Biotar wakaunda Helios, katika kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow. Zenit-E, mojawapo ya kamera zilizouzwa na lenzi hizo, ilitengenezwa zaidi ya milioni 3. Haikuwa kamera ya matajiri, ndiyo maana hata mwanafunzi kutoka Tanga aliweza kurudi nayo.

Nikamwambia mnunuzi, bwana, biashara imevunjika.

Sasa kazi ikawa kuifunga kwenye Canon. Kila aina ya kamera ina umbali wake maalumu kutoka kitako cha lenzi hadi pale picha inapoangukia. Lenzi za skrubu ya milimita 42, kama hii, zinataka milimita 45.46. Canon yangu ina 44. Hiyo moja na nusu inayobaki ndiyo nafasi ya pete ya kuunganishia. Mwenye Nikon kama hiyo yangu asikimbilie, maana umbali wake ni 46.5, umeshazidi, na bila kioo cha nyongeza lenzi haitaona mbali. Pete ikanitoka elfu ishirini na tano. Akiba nyingine ikabaki mfukoni.

Usinunue lenzi kuukuu kwa macho matupu. Pwani yetu ina unyevu, na unyevu huzaa kuvu ndani ya kioo. Washa tochi nyuma ya lenzi, chungulia kwa mbele. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, rudisha, hata kama bei inakuchekea.

Faida yake ni mwanga. Lenzi ya plastiki ukiivuta hadi mwisho hufungua 5.6 tu. Helios hufungua 2, yaani huingiza mwanga mara 8. Hasara nazo zipo. Unatafuta ukali wa picha kwa mkono, kwa hiyo watoto wanaocheza mpira utawakosa. Na kwenye kamera kama yangu, milimita 58 huona finyu kama 93. Chumbani kwa bibi mgongo wangu uligusa ukuta.

Mohamed Amin, mpiga picha aliyeuonyesha ulimwengu njaa ya Ethiopia mwaka 1984, alianza akiwa mtoto Dar es Salaam na Box Brownie ya mkono wa pili. Kamera za namna ile lenzi yake ni kipande kimoja cha kioo. Hakungoja apate nzuri. Nasi tunaoandika tunajua ugonjwa wa kungoja: mmoja anangoja kompyuta, mwingine anangoja chumba cha peke yake, na riwaya haianzi.

Basi nikampiga bibi, asubuhi, mwanga wa dirisha ukimwangukia shavuni. Nikampelekea picha. Akaitazama sana, kisha akauliza ni kitu gani kimemwona vizuri hivi. Nikamwambia ni kile kioo cha mwanawe. Akanyamaza. Halafu akanyoosha mkono, "Hebu nilete." Akakipokea, akakipulizia, akakifuta kwa pindo la kanga. Kanga hukwaruza lenzi, hilo nalijua fika, lakini sikumzuia.