Simu Nzima, WhatsApp Haifunguki: Historia Fupi ya Kuachwa

Wasee, leo tuongee historia. Si ya Mekatilili, hiyo mmesoma shule. Ni ya zile simu ziko kwa droo za kwenu saa hii: Nokia ya vitufe, BlackBerry ya mjomba, Lumia ya rangi kali. Ichaji, itawaka. Laini inashika, redio inaongea. Lakini WhatsApp hakuna. Sasa nani aliiua simu nzima?

Jibu rahisi ni kwamba matajiri wanataka tununue simu mpya. Kuna ukweli hapo, ila ukiishia hapo hujaelewa kitu.

Turudi 2009, mwaka WhatsApp ilizaliwa. Kwa hesabu yao wenyewe, wakati huo karibu asilimia 70 ya simu janja zilizouzwa zilikuwa na mifumo ya BlackBerry na Nokia. Kwa hivyo walitengeneza programu yao kwa karibu kila mfumo: iPhone, Android, BlackBerry, Symbian, Windows Phone, mpaka S40, ule wa Nokia za bei ya chini. Hapo ndipo sisi tuliingia. Mtu wa Garsen mwenye simu ya vitufe akawa anachati na binamu yake Doha bila kulipia kila meseji. Facebook ilipoinunua Februari 2014 kwa dola bilioni 19, WhatsApp ilikuwa na watumiaji karibu milioni 450 na wafanyakazi kama 55 tu.

Shika hiyo 55. Mimi chuo niliacha kabla ya kumaliza, kwa hivyo sitawaletea maneno ya darasani. Kila mfumo una lugha yake. Programu ya Android huwezi kuihamisha hivi hivi ukaipeleka Symbian, inaandikwa upya. Ukiongeza kitu kipya, kama ule usimbaji wa meseji uliokamilika Aprili 2016, unakiandika na kukijaribu mara sita. Fikiria mama wa viazi karai mwenye sufuria sita, kila moja na mafuta yake na moto wake, na ile ya sita ina mteja mmoja. Mpende vipi huyo mteja, kuni zinaisha.

Februari 2016 WhatsApp wakatangaza wanaanza kuzima majiko. Sababu yao: sasa asilimia 99.5 ya mauzo ilikuwa ya mifumo ya Google, Apple na Microsoft. Walisogeza tarehe mara kadhaa, lakini siku ilifika. BlackBerry ikaachwa mwisho wa 2017, S40 mwisho wa 2018, Windows Phone mwisho wa 2019.

Ngoja. Microsoft si alikuwa kwenye ile 99.5? Ndiyo, na hiki ndicho kisa kinachofunza zaidi. Februari 2011 Nokia ilitangaza inahama Symbian kwenda Windows Phone. Februari 2013 Microsoft ikazindua mpango wa 4Afrika, na simu ya Huawei yenye jina hilohilo, Kenya ikiwa kati ya nchi za kwanza kuipata. Pesa ilikuwepo. Shida ni kwamba tangu 2011 Safaricom walikuwa wakiuza Huawei IDEOS, Android ya karibu shilingi 8,000, na watu walishazoea. Mnunuzi anafuata simu yenye programu, msanidi anafuata simu yenye watu. Ukikosa mmoja, unakosa wote. Oktoba 2017 Joe Belfiore wa Microsoft alikubali hadharani: waliwalipa wasanidi, hata wakawaandikia programu, lakini watumiaji walikuwa wachache mno. Kama Microsoft ilishindwa kununua umati, nani ataweza?

Halafu kuna wakati mwenye nyumba mwenyewe anahama. Tarehe 4 Januari 2022 BlackBerry ilizima huduma za simu zake za zamani, na hata kupiga na kutuma SMS hakukuwa na uhakika tena. Hapo mpangaji atabaki kufanya nini?

KaiOS ilikuja kama tumaini la simu za vitufe. Ilitokana na Firefox OS ambayo Mozilla waliiacha. Ikapata WhatsApp, na Tanzania Tigo wakauza simu yake wakaiita Kitochi. Juni 2024 WhatsApp ikaondolewa kwenye duka la KaiOS. Hadithi ileile.

Sasa maoni yangu. Siwalaumu kwa kuacha. Nalaumu namba waliyoitazama. Ile 99.5 inahesabu simu mpya zinazouzwa, haihesabu simu zilizo mikononi. Na huku Wenje simu haitupwi, inashuka. Kijana wa Mombasa akinunua mpya, ya zamani inakuja kwa mamake, kisha kwa nyanya shambani. Kwa hivyo mfumo ukishakufa dukani, kwetu bado una miaka. Kwenye grafu ya mauzo sisi hatuonekani kabisa. Na kwenye grupu la WhatsApp siku hizi ndimo kuna habari za chama, za shule, na za mto Tana ukianza kupanda. Nyanya akitolewa humo, hajapoteza mchezo wa simu.

Lakini kuna kitu kimoja hakikufa. M-Pesa ilianza Machi 2007 ikiwa ndani ya laini, si ndani ya mfumo wa simu. Symbian imeenda, BlackBerry imeenda, Windows Phone imeenda, na mulika mwizi bado inatuma pesa. Waliojenga walianza na simu ambayo watu tayari walikuwa nayo.

Kwa hivyo wewe unayejifunza kuandika programu saa hii, iwe ya kaunti, ya zahanati au ya wakulima wa maembe, anza na SMS na USSD. Programu ya kupendeza ije baadaye. Na kabla ya kuandika mstari wa kwanza, uliza simu ya nyanya yako ni gani.