Saiklotroni, Urani ya Shinkolobwe na Shaba Iliyokosekana

Historia ya saiklotroni huanzia Chuo Kikuu cha California, huko Berkeley, ambako Ernest Lawrence na mwanafunzi wake Stanley Livingston waliendesha mashine ya kwanza mwaka 1931. Katanga haitajwi katika masimulizi hayo ila kwa nadra, jambo ambalo si haki.

Kanuni ya mashine hiyo ni nyepesi. Chembe yenye chaji, kama vile protoni, huzungushwa na uga wa sumaku, na kila inapovuka pengo baina ya elektrodi mbili husukumwa na umeme unaogeuza mwelekeo. Duara hupanuka, nishati huongezeka. Mbuni atakaye nishati inayobadilika, ili mashine moja ihudumie majaribio mengi ya maabara, hana budi kurekebisha uga pamoja na idadi ya mageuko ya umeme kwa sekunde. Vyote viwili vikipunguzwa kwa nusu, nishati ya mwisho hushuka hadi robo. Sumaku hiyo hudai chuma kingi na koili za shaba.

Shaba ndiyo uhai wa Kolwezi. Upande wa mashariki, karibu na Likasi, ndiko iliko Shinkolobwe, ambako urani iligunduliwa mwaka 1915. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, aliamuru tani zipatazo 1,200 za mawe yenye urani zipelekwe New York. Jeshi la Marekani lilizinunua mwaka 1942. Huko Oak Ridge, urani ambayo sehemu yake kubwa ilitoka Shinkolobwe ilipitishwa katika kalutroni, mashine zilizozaliwa na saiklotroni ya Lawrence, ili kutenganisha urani-235. Koili zake zilihitaji shaba, nayo shaba ilikuwa imemezwa na vita. Hazina ya Marekani ikakopesha zaidi ya tani 13,000 za madini ya fedha, yasokotwe badala yake. Mkopo huo ulitunzwa kwa hesabu kali, na salio lake likarejeshwa mwaka 1970. Wafanyakazi wa Shinkolobwe, waliochambua mawe kwa mikono, hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini.

Deni la Wakongo halikusahauliwa na kila mtu. Monsinyori Luc Gillon, mwanafizikia na gambera wa Chuo Kikuu cha Lovanium mjini Léopoldville (Kinshasa ya leo), alidai chombo cha utafiti, na mwaka 1959 kikawashwa TRICO I, kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika, chenye nguvu ya kilowati 50. TRICO II, cha kilowati 1,000, kilifuata mwaka 1972, kikazimwa mwaka 2004. Elisabethville, yaani Lubumbashi, nayo ilipata chuo kikuu chake katika miaka hiyo ya 1950, tena ilikuwa jirani ya machimbo. Lakini kinu kilijengwa zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapo.